Uchaguzi wa Nigeria wa 1951: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kura za ngazi kwa ngazi

Anayesoma historia ya uhuru wa Nigeria hukutana na mwaka 1951 kila mara, na karibu kila mara kuna mtu analalamika. Mmoja anasema alishinda akanyimwa, mwingine anasema alisalitiwa na wenzake, wa tatu anadai hapakuwa na usaliti wowote. Malalamiko hayo yote chanzo chake ni kimoja: mwananchi hakumchagua mbunge. Alimchagua mtu ambaye angemchagua mtu mwingine, na huyo ndiye angemchagua mbunge. Hapa tumejibu maswali yanayojitokeza zaidi kuhusu utaratibu huo.

Kura ya ngazi kwa ngazi ilipangwaje?

Iliwekwa na Katiba ya Macpherson, iliyopewa jina la gavana wa wakati huo, Sir John Macpherson. Nigeria ilikuwa na majimbo makubwa matatu: Kaskazini, Magharibi na Mashariki. Kijijini au mtaani walipa kodi walikutana wakachagua wajumbe. Wajumbe wakaenda ngazi ya juu yake, wakachaguana tena huko. Ngazi ya mwisho ilikuwa jopo la wilaya au mkoa, na jopo hilo ndilo lililochagua wajumbe wa Baraza la Jimbo: 90 kwa Kaskazini, 80 kwa Magharibi na 80 kwa Mashariki.

Hapo bado hatujafika Lagos, mji mkuu wa wakati huo. Mabaraza ya majimbo yalichagua, miongoni mwa wajumbe wake, watu wa kwenda Bunge la Wawakilishi la nchi nzima: 68 kutoka Kaskazini, 34 Magharibi na 34 Mashariki, jumla 136. Kusini ngazi zilikuwa chache. Vijijini Kaskazini zingeweza kufika tano kabla hata ya kuingia barazani. Mkulima wa huko aliyeinua mkono chini ya mwembe hakuwa na njia ya kujua mkono wake umeishia wapi.

Kwa nini Waingereza hawakuruhusu kura ya moja kwa moja?

Sababu walizotoa ni tatu: hakuna daftari la wapiga kura, wengi hawajui kusoma, na nchi ni kubwa mno kwa maofisa waliopo. Hazikuwa uongo mtupu, lakini hazitoshi. Lagos na Calabar walikuwa wakipiga kura moja kwa moja tangu 1923, chini ya Katiba ya Clifford, ingawa haki hiyo ilikuwa ya wanaume wenye kipato cha pauni 100 kwa mwaka, kiwango kilichoshushwa hadi pauni 50 katika miaka ya 1940. Kwa hiyo serikali ilijua namna ya kuendesha uchaguzi wa kawaida. Iliamua tu wapi na kwa nani.

Sababu kubwa zaidi ilikuwa utawala wenyewe. Tangu enzi za Lugard, mtawala wa kwanza wa Kiingereza wa Kaskazini, jimbo hilo lilitawaliwa kupitia maemiri, yaani watawala wa jadi wa Kiislamu. Polisi wa mji, mahakama za kadhi, gereza, ukusanyaji kodi na ajira za makarani vyote vilikuwa chini ya Utawala wa Wenyeji, na juu yake alikaa emiri. Kura ya moja kwa moja ingemfanya mtu aliyechaguliwa na wakulima awe na nguvu ambayo haikutoka kwa emiri, na hilo lingetikisa jengo zima. Katika mkutano mkuu wa katiba uliofanyika Ibadan Januari 1950, emiri wa Zaria na emiri wa Katsina walisema wazi kwamba Kaskazini ipewe nusu ya viti au itajitenga. Wakapewa: 68 kati ya 136. Gavana aliyekubali hilo asingetarajiwa kuwaambia maemiri haohao kwamba sasa viti vyao vitagombewa sokoni.

Je, ngazi zenyewe ndizo ziliua upinzani?

Si lazima, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Angalia Gold Coast, Ghana ya leo, mwezi Februari mwaka huohuo wa 1951. Huko nako mijini walipiga kura moja kwa moja na vijijini walipitia majopo ya wajumbe. Kwame Nkrumah alikuwa gerezani. Chama chake cha CPP kilichukua viti 34 kati ya 38 vya kuchaguliwa, na vingi vya vijijini vilipatikana kupitia majopo hayohayo. Waingereza wakalazimika kumfungulia mlango wa gereza na kumkabidhi shughuli za serikali.

Tofauti iko katika swali la nani anamlisha mjumbe. Kwenye majopo ya Gold Coast chama kilishatawanya vijana wake kila kijiji, na machifu walikuwa na viti vyao pembeni. Katika majopo ya Kaskazini mwa Nigeria, mjumbe wa ngazi ya juu aghalabu alikuwa mtumishi wa emiri.

Kilichotokea Kano ni nini?

Agosti 1950 vijana wa Kano waliunda chama cha NEPU, ambacho kwa Kihausa kilijulikana kwa neno la Sawaba. Walijitangaza kuwa wasemaji wa talakawa, yaani watu wa kawaida wasio na cheo. Aminu Kano, mwalimu aliyesoma London na mtoto wa ukoo wa wanazuoni wa sheria mjini humo, aliacha kazi ya ualimu akajiunga nao na kuwa kiongozi wao.

Uchaguzi ulipofika, duru za awali ziliwashtua wakubwa. Kwenye mitaa ya Kano na katika miji mingine kadhaa, wagombea wa NEPU waliwabwaga watu wa emiri. Mafundi, wafanyabiashara wadogo na walimu walikuwa wamejitokeza wakachagua mtu wao. Kama matokeo yangehesabiwa palepale, Baraza la Kaskazini lingekuwa na upinzani wenye sauti.

Lakini hayakuhesabiwa palepale. Wajumbe walipanda ngazi ya pili, wakachujwa. Wakapanda tena, wakachujwa tena. Kila walipopanda walikutana na wakuu wa wilaya, makarani na waandishi wa mahakama, watu ambao mshahara wao, nyumba yao na kesi ya mjomba wao vyote vilikuwa mikononi mwa Utawala wa Wenyeji. Mpaka majopo ya mwisho yalipomaliza kazi, hakuna mwanachama wa NEPU hata mmoja aliyefika Kaduna, makao ya Baraza la Kaskazini.

Mshtuko wa duru za awali ulizaa jambo jingine. Northern People's Congress (NPC), iliyokuwa jumuiya ya wasomi wa Kaskazini, ikageuzwa chama cha siasa Oktoba 1951, uchaguzi ukiwa bado unaendelea. Sardauna wa Sokoto, Ahmadu Bello, na Abubakar Tafawa Balewa ndio waliokuja kuwa nguzo zake. Chama kilichotawala Nigeria wakati wa uhuru kilipata mwili wake katikati ya uchaguzi ambao wapinzani walianza kwa kushinda.

Ile kanuni ya asilimia 10 ilikuwaje?

Kaskazini, mtu hakuweza kuchaguliwa kuingia Baraza la Jimbo kama hakuwemo ndani ya jopo la mwisho. Ukiangushwa mtaani, basi umekwisha. Isipokuwa kwamba kanuni ziliruhusu Utawala wa Wenyeji kuongeza watu wake katika jopo la mwisho, hadi asilimia 10 ya idadi yake. Hao hawakupitia ngazi yoyote. Hata aliyekataliwa na majirani zake kwenye duru ya kwanza aliweza kurudishwa kwa mlango huu, akapigiwa kura na jopo, akaenda Kaduna akiwa mheshimiwa.

Serikali ilieleza kwamba kanuni hii ingesaidia watu wenye elimu na uzoefu wasipotee kwa sababu tu wanaishi mbali na vijiji vyao. Huenda walioiandika waliamini hivyo. Kwa NEPU ilikuwa ni kuambiwa kwamba wewe unaweza kushinda mara nne na mwenzako anahitaji kushinda mara moja tu, mbele ya watu anaowaajiri.

Azikiwe alikosaje kiti, na chama chake kilishinda Lagos yote?

Hiki ndicho kisa kinachosimuliwa zaidi, na kinastahili. Nnamdi Azikiwe, Mwigbo wa Mashariki na Zik kwa wafuasi wake, alikuwa mtu mashuhuri kuliko wote katika siasa za Nigeria. Gazeti lake la West African Pilot lilisomwa nchi nzima. Mwaka 1951 aliamua kugombea Lagos badala ya kwao Mashariki, kwa kuamini kwamba mwanasiasa wa taifa hafungwi na kabila lake.

Lagos iliwekwa ndani ya Jimbo la Magharibi na kupewa viti vitano, ambavyo viligombewa kwa kura ya moja kwa moja. Chama cha Zik, NCNC, kilivichukua vyote vitano. Waliochaguliwa ni Zik mwenyewe, Adeleke Adedoyin, Dkt. Ibiyinka Olorun-Nimbe aliyekuwa meya wa Lagos, T.O.S. Benson na H.P. Adebola. Ushindi hauna shaka mpaka hapo.

Kati ya hao watano, wawili tu wangekwenda Bunge la Wawakilishi, na wa kuwachagua hawakuwa wapiga kura wa Lagos. Lilikuwa ni Baraza zima la Magharibi pale Ibadan, makao makuu ya jimbo, ambalo wengi wake sasa walikuwa upande wa Action Group, chama cha Obafemi Awolowo kilichozinduliwa mwaka huohuo. NCNC ilitaka wenzake Zik wajitoe ili apite. Benson na Adebola wakakubali. Adedoyin na Olorun-Nimbe wakakataa. Januari 1952 Action Group wakapata nafasi ambayo hakuna chama kingeiacha: wakawapigia kura wanachama wawili wa NCNC, Adedoyin na Olorun-Nimbe, na Zik akabaki nje.

Tazama ilivyofungwa vizuri. Lagos ilipata wawakilishi wake wawili, wote wa chama ilichokitaka. Hakuna kifungu kilichovunjwa. Kiongozi mkuu wa chama cha taifa akabaki kuwa kiongozi wa upinzani katika baraza la jimbo lisilo lake. Watanzania waliofuatilia kura za maoni za mwaka 2020 na ule msemo wa kwamba wajumbe si watu hawatahitaji kuelezwa zaidi.

Na je, ni kweli kwamba wajumbe wa Magharibi walihama chama mbele ya macho ya Zik?

Inategemea unamuuliza nani, na ubishi haujaisha. Masimulizi ya NCNC ni kwamba wao ndio waliokuwa na wengi, na kwamba baraza lilipofunguliwa wajumbe wa Kiyoruba wakavuka ukumbi mmoja baada ya mwingine kwenda Action Group kwa sababu hawakutaka Mwigbo awe kiongozi wa Magharibi. Action Group walijibu kwamba hapakuwa na wa kuvuka, kwa kuwa watu wao walijulikana tangu awali.

Sehemu isiyobishaniwa ni ya Ibadan. Viti sita vya huko vilichukuliwa na chama cha mtaa, Ibadan People's Party. Watano kati yao wakaunga mkono Action Group, na mmoja, Adegoke Adelabu, akabaki na NCNC mpaka kufa kwake.

Kwa maoni yetu, swali la nani alihama haliwezi kujibiwa sawasawa kwa sababu ya utaratibu wenyewe. Jopo lilichagua mtu, halikuchagua chama. Mgombea wa kijijini aliweza kuwa na marafiki pande zote mbili na kusubiri aone upepo unavuma wapi. Vyama vyote viwili viliweza kumhesabu mtu mmoja kwa nia njema kabisa. Kura ya moja kwa moja, yenye jina la chama, ingemlazimisha aseme mapema. Yale ya Ibadan yanasimuliwa kama ukabila mtupu, na ukabila ulikuwepo, lakini mlango uliachwa wazi na kanuni.

Wanawake walikuwa wapi?

Kaskazini hawakuwa na kura kabisa. Kusini waliruhusiwa kwa sharti lilelile la wanaume, kulipa kodi, na sharti hilo liliwaumiza kwa namna ya ajabu kule Abeokuta.

Funmilayo Ransome-Kuti na maelfu ya wanawake wa soko wa Abeokuta walikuwa wamepambana miaka michache nyuma kupinga kodi ya wanawake. Walishinda: kodi ikaondolewa, na Januari 1949 Alake (mfalme) wa Egba, Ademola II, akaacha kiti chake. Kisha ukaja uchaguzi wa 1951 na Ransome-Kuti akagombea kwa tiketi ya NCNC. Wanawake waliomfuata walikuwa wengi, ila wengi wao hawakuwa walipa kodi, na asiyelipa kodi hakuwa mpiga kura. Hakupata kiti.

Mkasa wa Zik ulibadilisha nini?

Karibu kila kitu. Chama chake kilipoona kwamba katiba inaweza kumweka kiongozi wake nje, kikaamua katiba yenyewe ivunjwe. Mashariki, ambako NCNC ndiyo ilikuwa na serikali, mawaziri waliambiwa wajiuzulu mwaka 1953. Kundi lililoongozwa na Eyo Ita wa Calabar, mtu wa kabila dogo, likakataa. Baraza likavunjwa, uchaguzi ukarudiwa, Zik akarudi kwao akachukua uongozi na mwaka 1954 akawa Waziri Mkuu wa Mashariki. Watu wa makabila madogo ya jimbo hilo hawakusahau namna Eyo Ita alivyosukumwa pembeni. Na yule mwanasiasa aliyetaka kuwa wa nchi nzima akawa, kama Awolowo na Ahmadu Bello, mtu wa jimbo lake.

Mwaka huohuo wa 1953 Bunge la Lagos likagawanyika juu ya hoja ya Anthony Enahoro ya kutaka kujitawala ifikapo 1956, na mwezi Mei kukatokea ghasia Kano ambazo watu 36 walikufa kwa hesabu ya serikali. Katiba ya Macpherson haikudumu.

Kura ya ngazi iliondolewa lini?

Kidogo kidogo, na si kila mahali kwa wakati mmoja. Katiba ya Lyttelton ilianza Oktoba 1954. Ilitenganisha uchaguzi wa Bunge la nchi na ule wa majimbo, kwa hiyo mabaraza hayakuwa tena na uwezo wa kuchuja nani aende Lagos, na Lagos yenyewe ikatolewa Magharibi. Mashariki na Magharibi wakapiga kura moja kwa moja mwaka huo. Matokeo ya Magharibi yanafikirisha: NCNC, chama kilichoambiwa hakina watu huko, kilipata viti vingi kuliko Action Group.

Kaskazini majopo yaliendelea. Mwaka 1956 miji mikubwa ikaruhusiwa kura ya moja kwa moja, vijiji bado. Ilikuwa Desemba 1959, miezi kumi kabla ya uhuru, ndipo mkulima wa Kaskazini aliweza kumchagua mbunge bila mtu katikati. Katika uchaguzi huo Aminu Kano alipata kiti chake kutoka Kano. Wanawake wa Kaskazini walisubiri hadi miaka ya 1970.

Afrika Mashariki tulikuwa na kitu kama hicho?

Tanganyika, hapana. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulikuwa na masharti ya kipato, kazi au elimu, pamoja na ile kura tatu iliyomlazimisha kila mtu kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, jambo ambalo TANU ililijadili kwa moto mkali pale Tabora. Lakini mpiga kura alimchagua mbunge mwenyewe.

Ruanda-Urundi, ndiyo. Mwaka 1956 Wabelgiji waliwaruhusu wanaume wote wapige kura katika ngazi ya chini kabisa, ile ya nchi ya chifu mdogo, na kutoka hapo mabaraza yakachaguana kwenda juu. Rwanda, Wahutu walikuwa takriban theluthi mbili ya waliochaguliwa chini. Juu kabisa, kwenye Baraza Kuu la Nchi, Watutsi walibaki karibu watupu. Mwaka uliofuata ikatoka Ilani ya Wahutu, hati ya wasomi wa Kihutu ya kupinga ukiritimba wa Watutsi.

Na Uganda kuna kisa cha 1962 ambacho wengi hukisahau. Buganda ilipewa haki ya kutuma wabunge wake 21 kupitia Lukiiko, baraza lake, badala ya kura ya wananchi. Kabaka Yekka, chama cha wafuasi wa Kabaka (mfalme wa Buganda), ilishachukua viti 65 kati ya 68 vya kuchaguliwa katika Lukiiko mwezi Februari, kwa hiyo wabunge wote 21 walikuwa wake. Wakaungana na UPC ya Milton Obote, na serikali ya Benedicto Kiwanuka ikaondoka. Hapa ngazi ilikuwa moja tu, na ilitosha.

Nikiona jedwali la matokeo ya 1951 lenye viti vya kila chama, niliamini?

Kwa Lagos, ndiyo. Kwa Mashariki, kwa kiasi kikubwa, maana NCNC ilitawala bila mpinzani wa maana. Kwa Magharibi angalia jedwali limetolewa na nani na linahesabu siku gani: siku majopo yalipomaliza, au siku baraza lilipokaa. Kwa Kaskazini, wengi walichaguliwa wakiwa watumishi wa Utawala wa Wenyeji na wakavaa nembo ya chama baadaye, kwa hiyo takwimu inayowapa NPC viti vyote imeandikwa kwa kutazama nyuma. Na hakuna jedwali la aina hiyo litakalokuonyesha kura za duru ya kwanza za Kano.